Santimu Kumi za Shaba

Mwenye duka alinipa sarafu moja na siku nne.

Duka lake liko Bankstown, hapa Australia, ghorofani, juu ya mahali wanapooka mkate wa bapa, na harufu ya ufuta inakusindikiza ngazi zote hadi mlangoni. Ni mzee mwenye asili ya Lebanoni, anavaa suruali yenye kanda za mabegani, na kioo chake cha kukuzia kinaning'inia shingoni kwa uzi. Anauza sarafu za kale. Alitaka mtu wa siku mbili kwa wiki, wa kuandika kadi ndogo zinazowekwa kando ya kila sarafu na kuzungumza na wateja ambao yeye mwenyewe, kwa maneno yake, amechoka kuzungumza nao.

Mimi nilikuwa na shahada ya historia yenye umri wa mwaka mmoja na nusu, na kazi ya kukunja mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee. Kukunja mashuka si kazi mbaya. Shuka halikuulizi unajiona wapi baada ya miaka mitano. Lakini nilikuwa nimeomba kazi nyingi za fani yangu, nyingi hazikunijibu hata kwa kunikataa, na duka hili lilikuwa la kwanza kuniita. Niliitaka kazi hiyo kiasi kwamba niliogopa kuitaja nyumbani. Nilikuwa naiita "lile jambo".

"Unajua nini kuhusu sarafu?" mzee aliniuliza.

Nilijibu kwamba najua kidogo. Kisha nikaona "kidogo" inasikika kama kujishusha, nikasema najua kiasi. Kisha nikaona "kiasi" inasikika kama majivuno, nikamalizia kwa kusema kwamba kwa kweli sijui chochote.

"Vizuri," alisema. "Wanaojua hunichosha."

Akafungua droo, akatoa bahasha ndogo ya karatasi, akanitolea sarafu pana ya kahawia. "Irudishe Ijumaa pamoja na kadi yake. Usiniandikie kitabu. Andika kama vile unamweleza mtu aliyeingia dukani kukwepa mvua."

"Mvua kubwa au manyunyu?"

Aliniangalia juu ya miwani. "Habibi," alisema, "nenda nyumbani."

Nilikuwa nimeuliza kwa nia njema. Mtu anayekwepa mvua kubwa ana nusu saa. Wa manyunyu ana dakika mbili. Kadi haiwezi kuwa ileile.

Nyumbani kwetu ni Guildford, nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu na watu sita, na wakati huo mmoja wao alikuwa na umri wa wiki nne. Huyo wa wiki nne ni binti wa dada yangu. Mama na shemeji hufanya kazi kwenye maghala ya Villawood, wanatoka asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo mchana nyumba ni ya bibi. Bibi alimzaa mama yangu Uvira, akanilea mimi katika kambi ya wakimbizi Kigoma, na sasa alikuwa ameanza upya na huyu wa Guildford: ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyemkanda, ndiye aliyemfunga nguo. Dada alipewa mtoto kwa ajili ya kunyonyesha tu, kisha akaambiwa alale. Mimi bibi huniita mume wangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kiume, na hunilalamikia kama mume kweli: sili, silali, siongei.

Wiki ile aliniomba kitu. Kitovu cha mtoto kilikuwa kimejitokeza mbele kama kifungo cha koti, na bibi alitaka sarafu kubwa ya kukilaza, kama walivyofanya kwa mama na kwa wajomba. Alikuwa ameshazikagua pesa zote za Australia na kuzikataa. Ile ya senti hamsini ina kona kumi na mbili, itamchoma. Zile za dola ni ndogo. Ile ya ishirini ni pana na ni mviringo, lakini ina picha ya yule mnyama wao mwenye mdomo wa bata. "Sitaki mdudu yule alale tumboni kwa mtoto wa kike," alisema. "Nitafutie ya shaba, mume wangu. Shaba haina baridi."

Nilisema, "Sawa bibi, nitaangalia." Wakati huo nilikuwa na barua pepe ya mwenye duka mbele yangu, nikitafakari kama baada ya neno "asante" niweke nukta au alama ya mshangao. Nilitafakari dakika arobaini. Niliweka nukta. Ombi la bibi liliingia sikio moja na halikukuta mtu ndani.

Basi, sarafu. Ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyosahaulika kikombeni, yenye ukijani kidogo kwenye mabonde ya herufi. Upande mmoja kichwa cha mwanamume mwenye masharubu yaliyochongoka na ndevu za kidevuni: mfalme mkuu wa Wafaransa, yule aliyetawala katikati ya karne ya kumi na tisa, na chini yake mwaka 1855. Upande wa pili tai amekunjua mabawa, amesimama juu ya radi kama kuku aliyesimama juu ya kuni, na maandishi yanayosema santimu kumi, yaani senti kumi za Kifaransa. Chini kabisa, herufi A, alama ya kiwanda cha Paris.

Nilisoma kama mtu anayejiandaa kwa mtihani wa kutibu moyo. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyosahau kuogopa, jambo ambalo kwangu ni nadra. Kumbe kabla ya sarafu ile Wafaransa walikuwa wakitumia mchanganyiko wa pesa ndogondogo zilizochakaa hadi zikawa laini kama vifungo, nyingine zikiwa zimebaki tangu wakati wa mapinduzi yao. Na wakati wa mapinduzi, walipoishiwa na shaba, walishusha kengele za makanisa, wakaziyeyusha, wakazifanya pesa. Zaidi ya nusu karne watu walinunua vitunguu kwa vipande vya kengele. Kisha serikali ya huyu mwenye masharubu ikazikusanya pesa zote hizo kuukuu na kuziyeyusha tena, ikatengeneza sarafu mpya za shaba iliyotiwa bati kidogo na zinki kidogo ili iwe ngumu na isichakae upesi. Na walizipima vizuri: santimu moja gramu moja, santimu tano gramu tano, santimu kumi gramu kumi. Mwenye duka la viungo asiye na mawe ya mizani aliweza kupima kwa pesa za mteja wake.

Niliwasimulia bibi na dada tukiwa mezani Jumanne jioni. Sarafu yenyewe nilikuwa bado nimeifungia chumbani, sikuwaonyesha, kwa sababu tulikuwa tunakula samaki na mikono ilikuwa na mafuta.

"Walishusha kengele za kanisa?" bibi aliuliza.

"Ndiyo, bibi."

"Wakaenda nazo sokoni?"

"Kama pesa, ndiyo."

"Sasa mtu akitoa sadaka Jumapili, anamrudishia Mungu kengele yake kipande kipande." Alitikisa kichwa. "Hao watu walikuwa na akili ya mwizi."

"Bibi, usimchochee," dada alisema. "Ataanza kufikiria, tutaamka na yeye hajalala."

"Mwache afikirie. Si amelipiwa shule?"

Niliwaza juu ya kengele zile hadi nikaenda kuichukua sarafu niitazame tena, na hapo ndipo nilipoharibu mambo. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba karatasi nyingine zina tindikali inayokula shaba polepole. Nikaitazama ile bahasha. Ilikuwa karatasi ya kawaida. Bila shaka mwenye duka aliijua bahasha yake, na sarafu ilikuwa imekaa humo pengine miaka, lakini mimi niliwaza kwamba kwa bahati yangu ingeliwa katika siku nne nilizopewa mimi. Nikatafuta kitu kisafi, kisicho na tindikali, kisicho na plastiki. Nikachukua kisahani cha kauri jikoni, nikaiweka sarafu katikati, nikakipandisha kisahani juu ya kabati la vyombo mahali penye hewa kavu. Jumatano alfajiri nikaenda kukunja mashuka, roho imetulia.

Nilirudi mchana. Kisahani kilikuwa kwenye chombo cha kukaushia, safi, kimesimama kwa ubavu kati ya vikombe viwili.

Kwetu humuulizi mtu mzima "umeona kitu changu?" Ukiuliza hivyo umemwita mwizi, hata kama hukukusudia, na bibi yangu aliwahi kukaa siku tatu bila kusema na jirani wa kambini kwa sababu ya ndoo. Nilisimama jikoni nikatengeneza swali lisilo na kosa.

"Bibi, kile kisahani ulikiosha wewe?"

Alikuwa sebuleni, mtoto kifuani. "Nani mwingine anaosha vyombo nyumba hii?"

"Kilikuwa na kitu?"

"Kilikuwa na vumbi. Kabati lile mnalipanguza lini?"

"Lakini juu yake, bibi. Juu ya kisahani."

"Aa!" Uso ukamng'aa. "Asante, mume wangu. Mungu akuzidishie. Nilijua hukusahau."

Asubuhi ile nilikuwa nimeacha mezani pakiti ya maziwa ya unga aliyoyapenda. Nikadhani ananishukuru kwa hayo, nikasema karibu bibi, nikarudi jikoni, nikaanza kupekua pipa la taka.

Nilipekua pipa la jikoni na pipa la nje. Nilipasua mfuko wa mashine ya kufyonza vumbi juu ya gazeti. Nilitoa mito ya sofa kwa kumzunguka bibi, ambaye aliinua miguu kunipisha na kuniambia kwamba kwa mara ya kwanza tangu tufike Australia ananiona nafanya usafi bila kusukumwa. Kisha nikakaa kitandani na simu, nikaandika ujumbe kwa mwenye duka. Wa kwanza ulisema sarafu imepotea. Wa pili ulisema kuna uwezekano imepotea. Wa tatu ulianza na historia ya familia yetu. Wa nne ulikuwa na neno moja, "Samahani", na huo ndio ulionitisha kuliko yote. Sikutuma hata mmoja. Niliona wazi jinsi mambo yatakavyokuwa: mwenye duka atawaambia wenye maduka wengine, wao watawaambia wa makumbusho, na mimi nitakunja mashuka hadi siku nitakayolalia mojawapo.

Alhamisi saa nne asubuhi alikuja nesi wa watoto, yule anayetembelea nyumba kupima uzito. Alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya kukimbilia na mizani begani. Sikuwa kazini siku hiyo, kwa hiyo nikaitwa sebuleni kutafsiri, kwa kuwa dada alikuwa bado anaoga. Nesi alimlaza mtoto kwenye taulo, akamfungua vifungo, akakuta kiunoni kitambaa cheupe kimezungushwa mara tatu na kufungwa vizuri sana.

"Na hiki?" aliuliza.

"Ni kitambaa," nilisema.

Akakifungua. Kutoka ndani ya kitambaa kikaanguka kitu cha mviringo, kikajizungusha kwenye sakafu, kikalala kifudifudi miguuni kwangu. Kilikuwa na rangi ya waridi na dhahabu, kinang'aa kama sufuria ya harusi. Tai alikuwa ananitazama, kila unyoya wake umesafishwa.

Kitovuni kwa mtoto palikuwa na duara hafifu la kijani.

"Bibi," nilisema. "Hii umeitoa wapi?"

"Umeniletea wewe!" Bibi alishangaa kweli. "Si nilikuomba ya shaba? Ukaniwekea kwenye kisahani changu. Nikakushukuru jana, ukanijibu karibu."

Nikayakumbuka yote kwa mpigo, na nikakaa sakafuni.

"Umeisugua?"

"Sasa nimfunge mtoto na uchafu? Ilikuwa nyeusi kama imetoka kwenye shimo. Ndimu, chumvi, na ule waya wa sufuria. Kisha nikaichemsha." Aliinua kidole. "Mara mbili."

Nesi alikuwa ameshapangusa lile duara kwa pamba na maji ya uvuguvugu. Alisema ni rangi tu ya shaba, ngozi ni nzima, mtoto yuko salama. Kisha akaniomba nimweleze bibi kwamba kitovu cha namna ile kwa kawaida hurudi chenyewe mtoto anapokua, na kwamba kukifunga hakusaidii, na kunaweza kumletea vidonda.

"Mwambie nimelea saba," bibi alisema, "na vitovu vyao vyote vimelala."

Nikatafsiri.

"Mwambie vingelala hata bila sarafu," nesi alisema, anatabasamu.

Nikatafsiri.

"Mwulize yeye amelea wangapi."

Hilo nikaona nisilitafsiri, lakini nesi alikuwa amekwisha kuinua vidole viwili, bila kungoja. Bibi akavihesabu kwa macho na kuridhika. Hata hivyo alikikunja kitambaa na kukiweka mfukoni, na tangu siku ile hakumfunga tena. Nesi alimpima mtoto, akasifu mashavu yake, akaondoka. Dada alitoka bafuni na taulo kichwani, akatukuta mimi niko sakafuni na sarafu kiganjani.

"Hiyo ndiyo ya lile jambo lako?" aliuliza.

Niliitikia kwa kichwa. Hapo nikalazimika kuwaeleza wote wawili: kwamba ni ya mwenye duka, kwamba ndiyo mtihani wa kazi, kwamba ule weusi bibi aliouondoa ndio wanaoupenda wanaokusanya sarafu, kwamba sarafu ya kale iliyosuguliwa kwao ni kama kitabu kilichooshwa maandishi. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alishika mdomo.

"Kwa hiyo nimekuvunjia kazi," alisema.

"Hapana bibi. Mimi ndiye niliye..."

"Nimekuvunjia kazi, mume wangu."

Dada ni mtu wa vitendo. Alitafuta kwenye simu na kupata kwamba shaba iliyong'aa inaweza kufanywa nyeusi kwa yai lililochemshwa: unaliponda likiwa la moto, unalifungia na shaba kwenye mfuko, harufu yake inafanya kazi. Akachemsha yai. Nikaliponda. Nikaifungia sarafu humo, tukakaa watatu tunautazama mfuko kama watu wanaongoja matokeo ya uchaguzi. Baada ya dakika kumi hivi tai alianza kugeuka rangi ya mbao. Ilikuwa inafaulu. Na kwa sababu ilikuwa inafaulu, nikaanza kujiona dukani siku ya kesho, namkabidhi yule mzee sarafu ya kughushi, namtazama akiipokea. Kisha najiona wiki ya pili, na ya tatu, kila siku nikingoja ainyanyue kwenye mwanga. Nikaitoa mfukoni, nikaiosha kwa maji matupu, nikaikausha.

"Yai hilo mnalitupa?" bibi aliuliza.

Hakungoja jibu.

Ijumaa nilipotoka chumbani nimevaa shati la pasi nilimkuta mlangoni amefunga kitenge kipya na kilemba, mkoba mkononi. Kwetu mtu hapeleki kosa lake peke yake. Anaongozana na mtu mzima, naye ndiye husema kwanza. Nilijaribu kumweleza kwamba hapa mambo hayaendi hivyo, kwamba mtu hapeleki bibi yake kwenye mtihani wa kazi, kwamba nitaonekana mtoto.

"Kosa ni la nani?" aliuliza.

"La kwangu, bibi."

"Uongo. Twende, basi linakuja."

Ngazi za duka zilimchukua muda. Alisimama katikati, akanusa ufuta, akasema angalau wanajua kupika. Mwenye duka alipomwona alisimama upesi, akavuta kiti cha pekee chenye mto, akachemsha chai kabla hatujasema lolote. Bibi alikaa. Akanitazama. Nikaweka sarafu kwenye kitambaa cha kijani juu ya meza, inang'aa, yenye madoa ya hudhurungi mahali yai lilipofika.

"Mwambie ni mimi," bibi alisema. "Mwambie kijana hana kosa. Mwambie nilidhani ni ya mtoto."

Nikatafsiri yote, na nikaongeza kisahani, na karatasi yenye tindikali, na yai. Mzee alishika sarafu kwa ukingo, akaweka kioo jichoni, akaigeuza, akaigeuza tena. Niliweza kusikia mashine ya mkate huko chini.

"Limau?" aliuliza.

"Ndimu na chumvi. Na waya."

"Mama yangu alitumia siki." Akaiweka chini. "Hakuna kitu cha shaba kilichopita mikononi mwake kikabaki na rangi yake. Kama angeishi karibu na makumbusho, wangemfunga." Kisha akanitazama. "Unajua bei yake?"

Kwa siku nne nilikuwa nimesoma juu ya kengele, bati, gramu, na tai. Nilikuwa hata nimeandika kwenye daftari langu kwamba ilitengenezwa kwa wingi mno katika viwanda kadhaa vya Ufaransa. Sikuwa nimeangalia bei. Niliogopa kuijua, nikaacha.

"Ilikuwa bei ya kahawa mbili," alisema. "Sasa ni nusu kahawa. Ulidhani ninampa kitu cha thamani kijana anayeniuliza ni mvua ya namna gani?"

"Anasema nini?" bibi aliuliza.

"Anasema ni ya bei ndogo, bibi."

"Basi mbona umekonda wiki nzima?"

"Lakini," mzee aliendelea, na hapo hakuwa anatania, "rangi ile ilijivika yenyewe, kidogo kidogo, karibu miaka mia na sabini. Mikononi, mifukoni, kwenye madroo. Hiyo hairudi. Uwe unalijua hilo, kwa ajili ya zile ambazo si za kahawa mbili." Akanyoosha mkono. "Kadi."

Nilikuwa na kadi mbili. Moja niliandika Jumanne, nzuri, yenye kengele na gramu na masharubu. Ya pili niliiandika asubuhi ileile, kabla ya kupiga shati pasi, na ilikuwa ileile isipokuwa mstari wa mwisho. Nilimpa ya pili. Aliisoma akiwa ameisogeza mbali na macho.

"Imesuguliwa kwa ndimu," alisoma kwa sauti, "na bibi mmoja wa Guildford, ambaye aliitumia siku moja kulaza kitovu cha mjukuu wa kike wa binti yake. Mtoto hajambo." Aliishusha kadi. "Wanaoniletea sarafu zilizosuguliwa huapa kwamba walizikuta hivyo hivyo ardhini. Miaka yote hii ninaapiwa."

Alipigapiga kadi kwenye ukucha. Bibi alimaliza chai yake, akaweka kikombe.

"Mwulize kama anakuchukua," alisema, "au tumepanda ngazi hizi zote bure."

"Bibi anakushukuru sana kwa chai," nilimwambia mzee.

"Hakusema hivyo."

"Hapana."

"Nilimwona usoni. Amesema nini?"

Nikamwambia. Alicheka hadi kanda za suruali zikamshuka bega moja. Akamwinamia bibi kidogo, mkono kifuani, kisha akanigeukia. "Njoo Jumanne, saa tatu. Na usiguse kitu chochote kwa kitambaa. Hata meza."

Nilimtafsiria bibi ngazi ya kwanza, akapiga kigelegele ngazi ya pili, na waokaji wakatoka nje na unga mikononi kuona kuna nini. Alinunua mikate minne ya moto, akaikumbatia kwenye kitenge. Tulikuwa tumefika kituo cha basi niliposimama.

"Nini tena?" bibi aliuliza.

"Alisema Jumanne. Hakusema Jumanne ipi. Inaweza kuwa hii, inaweza kuwa ya wiki ijayo. Nikija hii na alitaka ile, ataona nina haraka. Nikija ile na alitaka hii..."

"Nenda kamuulize."

"Ataona mimi ni mtu wa ajabu."

"Ameshaona," bibi alisema, akamega kipande cha mkate. "Nenda. Basi likija nitamwambia dereva angoje."

Nikakimbia kurudi, nikapanda ngazi mbili mbili. Mzee alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono mfukoni, kama mtu aliyekuwa ananitarajia tangu nilipoondoka.

"Hii inayokuja, habibi," alisema, kabla sijafungua mdomo.